Kwa nini ulanzi wa Iringa hubadilika ladha ukishavuka Makambako?

1. MpitaUyole

Wakuu, salaam. Nina jambo linalonisumbua tangu juma lililopita.

Nilichukua likizo ya siku nne nikaamua kuzunguka vilabu vya pombe za asili, nikionja kidogo kidogo kila mahali na kuandika ladha kwenye daftari, kama wafanyavyo Wazungu wanaotembelea viwanda vidogo vya bia huko kwao. Nilianzia Tukuyu kwenye kimpumu, nikapata komoni Makambako, nikalala Mafinga, na safari ikaishia Kilolo kwenye ulanzi, ile pombe ya utomvu wa mianzi. Siku ya kurudi, saa kumi na mbili asubuhi, nilinunua dumu la lita tano kwa mgema aliyekuwa ndiyo kwanza anashuka kutoka shambani. Ulanzi ulikuwa mweupe kama maji yaliyooshewa mchele, mtamu, na ukiunywa unasikia viputo vidogo vikichoma ncha ya ulimi. Nilipanda basi Ipogolo saa tatu, nikafika Uyole, Mbeya, jioni. Nilipofungua dumu mbele ya shemeji zangu, ulikuwa mkali kiasi cha kumfanya mmoja wao afumbe jicho. Kesho yake asubuhi mke wangu aliutia kwenye kachumbari badala ya siki, na kachumbari ikasifiwa.

Yule mgema aliniambia kabla sijaondoka kwamba ulanzi haupendi kuvuka Makambako, ule mji wa katikati ya njia ya Iringa na Mbeya. Nilidhani ni utani wa Wahehe. Je, kuna sababu yoyote ya kweli?

2. Mgema wa Kilolo

Karibu tena Kilolo, mkuu. Kabla ya kutafuta sababu, ni vizuri watu wajue ulichobeba, maana wengi hudhani ulanzi hupikwa.

Ulanzi haupikwi. Mvua zinapoanza, kati ya Novemba na Desemba, mlanzi, yaani mwanzi wenyewe, huchipua. Chipukizi likiwa bado laini tunalikata ncha, kisha asubuhi na jioni tunalikwangua upya kwa kisu chembamba ili utomvu usizibe njia. Chini ya jeraha tunafunga mbeta, yaani kipande cha mwanzi kilicho kama kikombe, na maji yanadondokea humo. Hatuoshi mbeta kwa sabuni. Machicha ya jana yanabaki chini na hayo ndiyo yanayouchachusha wa leo, kwa hiyo ulanzi unaanza kuwa pombe ukiwa bado juu ya mti. Ule mtamu tunauita mtogwa, na ule uliokaa ukakolea tunauita mkangafu. Wewe ulinunua mtogwa ukafika na mkangafu, jambo ambalo lingetokea hata kama ungekaa kwangu hadi jioni ukiusubiri.

Makambako haina kosa. Kosa ni saa.

3. Kijana wa Kihesa

Namba 2 amesema vizuri, ila ameruka jambo moja. Mimi hununua mtogwa asubuhi hapa Kihesa na kuunywa saa moja usiku. Unakuwa umekolea, lakini haujafika mahali pa kuungwa kwenye kachumbari. Saa ni zilezile alizotumia ndugu yetu barabarani. Kwa hiyo liko jambo jingine njiani, na mimi nasema ni kutikisika. Dumu la lita tano likitikiswa zaidi ya kilomita 300, machicha yote yaliyokuwa yametulia chini yanainuka na kuanza kazi upya.

4. Kondakta Mstaafu

Nimefanya kazi njia ya Iringa na Mbeya kwa miaka mingi, na madumu ya ulanzi nimeyapakia hadi nikayachoka. Naomba kumuuliza mleta mada: dumu lako lilikaa wapi ndani ya basi? Kama lilikuwa kwenye buti ya nyuma, basi lilikuwa jirani na injini, na pale chuma kinaungua kiasi cha kuivisha ndizi mbichi kabla ya kufika Igawa. Abiria wazoefu walikuwa wakining'ang'ania niwawekee buti za katikati, na mimi nilikuwa nawakatalia kwa sababu madumu yao yalikuwa yakimwagia magunia ya wenzao.

5. MpitaUyole

Ahsanteni. Kondakta, umenishika pabaya: lilikuwa buti ya nyuma kabisa. Lakini hilo halimsafishi mgema wa namba 2, maana Makambako ilitajwa na mtu wa kijijini kwake mwenyewe.

6. Mwana Usangu

Nimeshangaa kuona hakuna aliyetazama barabara yenyewe.

Kutoka Iringa hadi Makambako mtu anasafiri juu ya milima. Mafinga ni baridi, Nyigo ni baridi, na Makambako kwenyewe kuna upepo ambao kila aliyeshuka pale usiku anaujua. Ukishaiacha Makambako, barabara inateremka kuelekea Usangu. Igawa, Rujewa na Chimala ziko kwenye uwanda wa chini, na joto lake ndilo linalotupatia mpunga. Kisha inaanza kupanda tena kupitia Igurusi na Inyala hadi Uyole, ambako unavaa sweta. Kwa hiyo dumu lililotoka Kilolo kwenye ubaridi linatumbukizwa kwenye joto la Mbarali kwa saa kadhaa, tena mchana. Wazee waliosema ulanzi hauvuki Makambako hawakuwa wakitania. Walikuwa wakisema kwamba baada ya pale kuna joto.

7. Mwalimu wa Maabara

Namba 6 amenifurahisha, na ningependa kuongeza kidogo kwa sababu mambo mawili yamechanganywa tangu mwanzo: ukali na uchachu.

Ndani ya ulanzi kuna hamira za asili zinazokula sukari na kutoa kilevi pamoja na hewa ya ukaa, na ndizo zinazoleta vile viputo vilivyochoma ulimi wa mleta mada. Pamoja na hizo kuna bakteria wa aina mbili. Wale wa kwanza ni jamaa wa wale wanaogandisha maziwa. Wanatengeneza uchachu laini na hawahitaji hewa. Wale wa pili hukigeuza kilevi kuwa siki, na hao hawawezi kufanya kazi bila hewa. Joto likiongezeka kwa nyuzi 10 hivi, kasi ya kazi zote hizi huweza kufika mara mbili, ilimradi joto halijafikia kiwango cha kuviua viumbe wenyewe. Kwa hiyo joto la Usangu, au la injini, linaeleza kwa nini sukari iliisha mapema. Haliwezi kueleza siki peke yake. Siki inahitaji hewa, na hapo ndipo ningemwuliza mleta mada: je, dumu lilijaa hadi shingoni au lilikuwa na nafasi juu, na njiani ulilifungua mara ngapi?

Kuhusu kutikisika, namba 3, machicha kuinuka hakuna madhara makubwa. Kutikisika kwenye dumu lenye nafasi ya hewa ndiyo habari nyingine, kwa sababu hewa inachanganywa na pombe.

8. MpitaUyole

Mwalimu, nakiri mbele ya wote. Nililifungua Mafinga kuonja, nikalifungua Makambako kuonja, na Chimala nililifungua kwa sababu lilikuwa limevimba kama mpira na jirani yangu alianza kusali.

9. Kijana wa Kihesa

Kwa maelezo hayo, dumu lililofika Uyole lilikuwa na lita ngapi?

10. MpitaUyole

Tatu na kidogo. Tuendelee na mada.

11. Mbena wa Lupembe

Habari zenu. Hoja ya Usangu ni nzuri kuisikiliza, lakini haijanikalia sawa. Mdogo wangu yuko Songea, na kila msimu humpelekea ulanzi kutoka Njombe. Njia ile haipiti Usangu kabisa, na Njombe ni baridi kuliko Iringa. Bado ulanzi unafika Songea ukiwa umekasirika. Tena mwaka fulani ulisafiri usiku mzima, bila jua na bila dumu kufunguliwa, na matokeo yalikuwa yaleyale.

Mimi nadhani tatizo ni milanzi yenyewe. Kuna shamba ambalo ulanzi wake hukaa siku mbili bado unanyweka, na shamba la jirani, mita mia moja tu kutoka hapo, ulanzi wake haufiki jioni. Udongo, umri wa kichaka, chipukizi la kwanza au la mwisho la msimu, vyote hivyo vina usemi. Mleta mada mwenyewe amesema alionja sehemu nyingi. Je, ulanzi wa Ifunda na wa Kilolo ulikuwa na ladha moja?

12. MpitaUyole

Haukuwa na ladha moja. Daftari langu linasema hivi: Ifunda, mwepesi, harufu ya majani mabichi yaliyokatwa, utamu unaisha haraka. Kilolo, mzito kidogo, harufu ya mkate unaoumuka, utamu unabaki kooni. Yote miwili nilikunywa ndani ya saa ishirini na nne. Mafinga nimeandika neno moja tu, nalo silisomi.

13. Mama Komoni

Nawasalimu. Mimi ni mpishi wa komoni hapa Mwanjelwa, na pombe ndiyo iliyosomesha watoto wangu, kwa hiyo naomba nisikilizwe. Mnazungumza joto, udongo na barabara, na hakuna hata mmoja aliyeuliza dumu lilikuwa la nini kabla ya kuwa la ulanzi.

Dumu la plastiki lina kumbukumbu. Likishawahi kubeba mafuta ya kula, hata uoshe mara kumi, pombe itaisikia. Likiwa lilibeba ulanzi wa juzi na likasuuzwa kwa maji baridi tu, kwenye kona za mpini kunabaki utando mweupe unaoteleza, na ule utando ni siki inayosubiri mwenzake. Mimi madumu yangu nayaosha kwa maji ya moto na majivu, nayageuza kifudifudi juani, kisha nanusa. Nikisikia harufu yoyote, halitumiki siku hiyo.

Na komoni yangu inapona safari kuliko ulanzi kwa sababu imepita motoni. Naloweka unga wa mahindi hadi uchachuke, naukaanga kwenye pipa lililopasuliwa hadi uwe na rangi ya udongo, naupoza, ndipo naweka maji na kimea cha ulezi. Wale wadudu wa Mwalimu wa namba 7 wanafia kwenye kikaango, na ninaowataka mimi wanaingia baadaye na kimea. Ulanzi haujawahi kuona moto. Unabeba kila kilichomo shambani, pamoja na nyuki waliozama.

14. Mgema wa Kilolo

Dada yangu wa Mwanjelwa, nyuki tunawatoa.

15. Mama Komoni

Mnawatoa mbele ya mteja, kaka yangu. Kwenye dumu la kusafirisha hakuna anayetazama.

16. Mzee wa Rungwe

Nimesoma uzi wote nikitabasamu. Mleta mada alianzia kwetu Tukuyu halafu hakusema hata neno moja juu ya kimpumu, ingawa jibu lake liko humo.

Kimpumu ni pombe nzito ya ulezi, na hainywewi kwa kikombe. Unaletewa chungu au kibuyu ambamo mna machicha yaliyochachuka, mnamiminiwa maji ya moto juu yake, na kila mtu anaingiza mrija wake uliozibwa kwa kichujio mwishoni ili usivute punje. Maji yakipungua, mnaongezewa mengine ya moto, hadi ladha iishe. Sasa tazameni: mtu akitaka kupeleka kimpumu mbali habebi kinywaji, anabeba machicha. Maji atayakuta huko aendako. Kwa njia hiyo kimpumu kinavuka Makambako na hata Ruaha bila kulalamika. Ulanzi, wenyewe maji ni ulanzi, na ulanzi ni maji. Huwezi kuutenganisha ukaacha kimoja nyumbani.

17. Msafwa wa Ilembo

Shikamoo mzee. Maelezo yako ni sahihi, isipokuwa pale uliposema kimpumu ni "kwetu Tukuyu". Wasafwa na Wanyiha tunakunywa kimpumu tangu enzi za babu zetu, na Mbozi mtu akikusikia ukisema ni cha Wanyakyusa peke yao hutapewa mrija.

18. Mzee wa Rungwe

Marahaba, kijana wangu. Sikusema ni chetu peke yetu. Nilisema alikionja kwetu. Mrija wako upo, na kiti pia.

19. Fundi Pampu

Kuna jambo hamlitaji kwa sababu ya heshima, nami nitalitaja. Ulanzi mwingi wa kando ya barabara umeongezwa maji na sukari. Mvua ikinyesha usiku, mbeta hujaa maji ya mvua, na mgema hawezi kuyamwaga akala hasara. Anaongeza sukari kidogo ili utamu urudi, na wewe mpita njia unafurahi. Sukari hiyo inaliwa na hamira ndani ya saa chache, utamu unatoweka ghafla, na kinachobaki ni ukali mtupu usio na mwili. Ndiyo maana ulanzi wa kupewa na ndugu hukaa kuliko ule wa kununua.

20. Mgema wa Kilolo

Hilo sikubaliani nalo. Wapo wanaofanya hivyo, sikatai, na tunawajua kwa majina. Lakini wewe unayejua pampu, fikiri kidogo: sukari ikiongezwa, hamira zinapata chakula zaidi, kilevi kinapanda na utamu unachelewa kuisha. Ulanzi wa kawaida una kilevi cha asilimia 5 hivi, unakaribiana na bia ya chupa. Uliotiwa sukari unaleta usingizi na maumivu ya kichwa, haugeuki siki upesi. Kinachowahisha siki ni huo wa maji ya mvua, kwa sababu kilevi chake ni kidogo na hakiwezi kujilinda.

21. Mwalimu wa Maabara

Namba 20 yuko karibu na ukweli katika sentensi yake ya mwisho. Kilevi kingi huwachelewesha bakteria wa siki. Hata hivyo, katika viwango hivi vya asilimia 4 au 5 tofauti si kubwa, kwa sababu hicho ni kiwango ambacho wadudu hao wanastarehe nacho kabisa.

22. Mfanyakazi wa Iyunga

Ahsante kwa uzi mzuri. Niliwahi kufanya kibarua kwenye kiwanda cha bia Iyunga, na ninawaletea upande wa pili. Bia ya chupa huvumilia safari, lakini si kwa sababu ni hodari. Inachemshwa na hopsi, ambazo pamoja na kuleta uchungu huwazuia wale bakteria wa maziwa aliowataja Mwalimu. Ikishachachuka inachujwa hadi hamira ziishe, inafungwa hewa isiingie, na chupa inapitishwa kwenye maji ya moto ili chochote kilichosalia kife. Mnataka ulanzi ufike Uyole ukiwa mtamu? Upashwe moto wa nyuzi 60 na kitu, uzibwe. Lakini siku nilipojaribu nyumbani kwa sufuria, ulifika salama na haukuwa ulanzi tena. Harufu ya mkate ilipotea, viputo vikaisha, ukabaki kama uji mwepesi wa jana.

23. Mbena wa Lupembe

Namba 22, maneno yako ndiyo yanayonifanya niamini kwamba ulanzi si bidhaa ya kusafiri. Anayeutaka aufuate ulipo, Januari hadi Machi, asubuhi, akiwa na kikombe chake.

24. Kondakta Mstaafu

Ukisema hivyo sisi wa mabasi tungekula nini?

25. MpitaUyole

Wakuu, nimerudi na taarifa. Jumamosi nilikwenda tena, safari hii kwa ajili ya utafiti. Nilinunua madumu mawili. La kwanza, jipya kutoka dukani, nililijaza hadi shingoni, nikakaza kifuniko, nikaliweka buti ya nyuma kama mwanzo. La pili nililiosha kwa maji ya moto na majivu kama alivyoagiza Mama Komoni, nikalivika gunia lililoloweshwa maji, nikalegeza kifuniko kidogo hewa ya ndani itoke, nikalipakata mapajani. Sikufungua lolote njiani, na mashahidi ninao.

Tulipofika Chimala tulisikia mlio. Kifuniko cha dumu la buti kiliruka na ulanzi ukaingia kwenye begi la mchungaji aliyekuwa akielekea mkutano wa injili Mbalizi. Nimelipa gharama ya kufua suti. Dumu la mapajani lilifika Uyole saa kumi na moja likiwa mkangafu wa wastani. Shemeji zangu waliunywa wakaumaliza, na kachumbari ilikosa siki.

26. Mwana Usangu

Umeona! Gunia bichi limelipoza dumu Usangu nzima. Nilisema ni joto.

27. Mama Komoni

Umeona! Dumu lilioshwa. Nilisema ni usafi.

28. Kijana wa Kihesa

Lilipakatwa mapajani, kwa hiyo halikutikisika. Nami pia nilisema.

29. Mwalimu wa Maabara

Ndugu MpitaUyole, jaribio lako lina moyo mzuri, lakini umebadilisha vitu vinne kwa wakati mmoja: chombo, joto, kifuniko na mahali pa kukaa. Zaidi ya hapo, dumu la kulinganishia lilipasuka kabla halijaonjwa. Mtu anayetaka kujua ni lipi kati ya hayo angebeba madumu yaliyooshwa kwa namna moja, yaliyojazwa kutoka mbeta za shamba moja, akabadilisha jambo moja tu.

Na kuna swali dogo. Madumu yote mawili ulinunua kwa mgema mmoja?

30. MpitaUyole

La kwanza nilinunua Kilolo. La pili, kwa kuwa Kilolo ulikuwa umekwisha, nilinunua Ipogolo kwa mama mmoja aliyesema ameuleta kutoka Kilolo.

31. Mbena wa Lupembe

Basi tumerudi kwenye namba 11. Milanzi tofauti.

32. Fundi Pampu

Au namba 19. Huyo mama wa Ipogolo mnamjua?

33. Mgema wa Kilolo

Namjua. Ni shangazi yangu, na sukari anaiweka kwenye chai.

Mvua zinaelekea ukingoni na machipukizi yaliyobaki ni ya mwisho mwisho. Baada ya Pasaka ulanzi utakuwa mchache na mkali tangu asubuhi, na hakuna jaribio litakalofaa. Anayetaka kubeba madumu manne ya Mwalimu aje Jumamosi hii kabla ya saa kumi na mbili. Nitayajaza mwenyewe kutoka kichaka kimoja. Gunia bichi mtakuja nalo.

34. Kondakta Mstaafu

Nitakuwa kituoni Ipogolo kuhakikisha yanakaa buti ya katikati. Ila MpitaUyole, safari hii uulize kwanza kama kuna mchungaji ndani ya basi.